Uji Usiomwagika Kijikoni: Mwongozo Kamili wa Kumwanzishia Mtoto Chakula

Swali huwa ni lile lile. "Mtoto wangu ana miezi minane. Uji anamaliza kikombe kizima. Mbona kwenye mizani haongezeki?"

Nami huuliza jambo moja tu: huo uji unanyweka? Jibu likiwa ndiyo, tatizo tumeshalipata.

Nilikosea papo hapo mimi mwenyewe. Mtoto wangu wa kwanza nilimpa uji mwepesi kwa chupa, nikapanua tundu la chuchu kwa sindano ya moto ili upite, kisha nikajisifu kwamba nina mtoto mwenye hamu ya kula. Kwenye kijitabu chake cha kliniki, mstari wa uzito uliokuwa ukipanda ukalala. Muuguzi akaniambia kesho yake nije na uji wenyewe. Akauchota, akainamisha kijiko, wote ukatiririka. "Mama, haya ni maji yaliyopita karibu na unga," akasema.

Mwongozo huu ni wa mtoto mwenye afya, kuanzia miezi sita hadi anapotimiza mwaka. Wako akiwa alizaliwa kabla ya wakati, au ana ugonjwa anaotibiwa, zungumza kwanza na wanaomtibu.

## Weka hivi tayari

Blenda si lazima. Ukweli ni kwamba blenda ndiyo inayotupotosha wengi, kwa sababu haisagi vizuri mpaka uongeze maji.

- Sufuria ndogo yenye kifuniko.
- Bakuli lake mwenyewe. Akila kwenye sahani yako, hutajua amekula kiasi gani.
- Kijiko kidogo kisicho na makali, uma wa kuponda, na chujio la waya.
- Kikombe cha wazi cha kumnyweshea maji. Chupa iweke kando: mabaki hujificha kwenye chuchu, na kuhara huanzia hapo.
- Kipimo cha mililita 250. Kama huna, pakiti ya maziwa ya nusu lita ukiigawa mara mbili umekipata. Weka alama kwenye kikombe chochote.
- Maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota, yakapoa ndani ya chombo chenye kifuniko. Leo mfereji una maji, kesho ni mgao, keshokutwa unanunua mitungi ya mkokoteni. Usiamini hata moja bila kuyachemsha.
- Sabuni, ya mikono yako na ya mikono yake.
- Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, kile cha kliniki.

## Hatua ya 1: Hakikisha wakati umefika

Wakati ni miezi sita kamili, yaani siku 180. Kabla ya hapo maziwa ya mama yanatosha, na hata maji hayahitaji.

Mtazame pia yeye mwenyewe. Kichwa chake kiwe imara. Aweze kukaa akiegemezwa. Awe anakodolea macho sahani yako na kufungua mdomo unapokula. Na ukimwekea kitu ulimini, ulimi usikisukume nje kila mara.

Najua kinachowaangusha wengi. Sheria ya kazi ya Kenya inatupa miezi mitatu ya likizo ya uzazi, halafu ni matatu ya saa kumi na mbili asubuhi na mtoto amebaki na dada wa kazi. Shosho, nyanya yake mtoto, naye anapiga simu kutoka nyumbani kusema mtoto analia usiku kwa njaa, apewe uji kidogo. Mwitikie kwa heshima, halafu kamua maziwa. Yakikamuliwa kwa usafi hukaa saa nne kwenye joto la kawaida la nyumba, na siku nne ndani ya friji. Ni kazi, sikatai. Lakini uji wa miezi mitatu humpunguzia mtoto hamu ya kunyonya na kumletea kuhara.

Kuchelewa nako ni kosa. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo huwa inaelekea kuisha kwenye mwezi wa sita, na maziwa peke yake hayawezi kuijaza.

## Hatua ya 2: Jifunze kupika kizito

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukisoma hii tu na kuacha nyingine zote, hujapoteza bando lako.

Tumbo la mtoto lina nafasi ya takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo nane basi anajaa kwa mililita 240, kikombe kimoja hivi. Ukikijaza kikombe hicho maji yenye rangi ya wimbi, atashiba kweli, atalala, na wewe utafurahi. Ila ameshiba maji.

Kwa uji, fanya hivi:

1. Chemsha kikombe kimoja cha maji.
2. Pembeni, koroga vijiko vitatu vya mezani vya unga, vilivyojaa, kwa maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe.
3. Mimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga. Punguza moto, uive dakika 15 hadi 20. Uji uliochemka mara moja na kuepuliwa bado ni unga mbichi.
4. Ukikaribia kuiva, ongeza maziwa kidogo, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia au pinati bata laini. Mafuta huongeza nguvu bila kuongeza wingi.
5. Chota, inamisha kijiko. Ukikaa kijikoni, au ukianguka taratibu kwa donge, umepata. Ukitiririka, rudi jikoni.

Aina za unga hutofautiana, kwa hiyo hivyo vijiko vitatu ni pa kuanzia tu. Hakimu ni kijiko.

Mtoto akilemewa na uzito huo, usikimbilie maji. Uji ukiwa vuguvugu, tia kijiko cha chai cha unga wa wimbi iliyooteshwa, kimea, ukoroge. Utalegea mbele ya macho yako bila kupoteza unga ulioutia. Kisha uchemshe tena ndipo umpe.

### Kuhusu ule unga wa nafaka kumi

Utauona sokoni, mwanamke kwa mwanamke akisifia wake: mahindi, wimbi, mtama, mchele, ngano, soya, njugu, ndengu, omena (dagaa), mbegu za malenge, hata mihogo, vyote vimesagwa pamoja. Tunaamini wingi wa vitu ni wingi wa afya. Mimi siupendi, na nina sababu.

Soya na maharagwe huchukua muda mrefu zaidi kuiva kuliko wimbi, kwa hiyo wimbi likiiva, soya bado, na soya mbichi huzuia tumbo lisisage protini. Omena na njugu zikishasagwa huchacha upesi ndani ya mkebe. Mahindi au njugu zilizohifadhiwa kwenye unyevu hupata kuvu yenye sumu, aflatoksini, ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Zikishasagwa pamoja huwezi kuona iliyooza ni ipi. Na mtoto akitoka vipele, utalaumu kipi kati ya kumi na moja?

Nunua nafaka moja, mbili zikizidi. Zichambue kwa mkono wako kwenye ungo, zioshe, zianike, ndipo uzipeleke kwenye mashine ya kusaga. Protini tutaileta kwenye sahani, hatua ya nne.

## Hatua ya 3: Vijiko viwili vya kwanza

Chagua saa ambayo mtoto hajachoka wala hana njaa ya kulia. Kwangu ilikuwa saa nne asubuhi, baada ya kumnyonyesha kidogo. Mketishe wima mapajani. Asilishwe akiwa amelala chali kamwe, chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Si lazima mlo wa kwanza uwe uji. Malenge, kiazi kitamu, ndizi iliyoiva au parachichi kutoka kwa mama mboga hufaa zaidi kwa mtu mwenye haraka. Chemsha malenge kwa maji machache, ponda kwa uma, yapitishe kwenye chujio, na ulainishe kwa maziwa yako mwenyewe. Ladha hiyo ameshaizoea.

Weka chakula kidogo kwenye ncha ya kijiko, kiguse mdomo wa chini, ngoja aufungue. Usimpakulie kwa nguvu.

Atakitema. Karibu wote hukitema. Ulimi wake umezoea kusukuma mbele kwa kunyonya, sasa unajifunza kurudisha nyuma. Uso ule wa kukunjamana si kukataa. Chakula kimoja huenda ukakileta mara nane, kumi, hata zaidi, kabla hajakikubali.

Wiki ya kwanza, mlo mmoja au miwili kwa siku, vijiko viwili hadi vitatu, inatosha. Mpe chakula kipya kimoja, kaa nacho siku mbili tatu ukiangalia vipele, kutapika au uvimbe, kisha leta kingine. Choo kikibadilika rangi na harufu, hilo ni la kawaida.

Mwisho wa wiki ya pili, mtoto anayefungua mdomo akiona bakuli amevuka hatua hii, hata kama nusu ya chakula iko kwenye nguo.

## Hatua ya 4: Leta chuma mapema

Wengi hukaa miezi mitatu mizima kwenye viazi na ndizi. Mtoto ananawiri mashavu huku damu ikipungua. Wiki ya pili au ya tatu, anza.

Maini. Kipande kama kidole gumba chako, kichemshwe kikaive kabisa, kikunwe au kupondwa ndani ya viazi. Mara moja kwa wiki inatosha, kwa kuwa maini yana vitamini A nyingi sana.

Omena. Toa vichwa, osha kwa maji ya moto mara kadhaa mpaka mchanga uishe, kausha kwenye sufuria juu ya moto mdogo, kisha twanga. Twanga za siku hiyo tu. Kijiko kimoja cha chai juu ya chakula.

Yai. Lote, kiini na ute, lililoiva likakauka. Mpe kidogo siku ya kwanza, mchana, usimwache peke yake, uone kama ngozi itabadilika.

Maharagwe na ndengu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha mpaka ziponde zenyewe, toa maganda kwa chujio.

Nyama ya kusaga. Ipikwe iive kabisa, ipondwe na chakula kingine.

Sasa, kuhusu supu. Kuna mama anachemsha mifupa saa tatu, anampa mtoto maji yake, na nyama anakula baba. Mwingine anampa mtoto mchuzi wa maharagwe, yenyewe yanabaki kwenye sahani za wakubwa. Hii ni hadithi ya uji mwepesi tena. Chuma na protini vimebaki kwenye kile kitu kigumu. Mpe nyama, mpe haragwe.

Baada ya mlo wa maharagwe, ndengu au mboga ya managu, mpe vipande laini vya chungwa au papai. Vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma cha mimea. Chai hufanya kinyume chake, hata ile ya maziwa mengi. Usimchovyee mkate kwenye chai.

## Hatua ya 5: Pandisha kiasi

Ukiwa na kile kikombe chako cha mililita 250:

- Miezi 6: vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa mlo, mara mbili kwa siku.
- Miezi 7 na 8: panda polepole hadi nusu kikombe, milo mitatu.
- Miezi 9 hadi 11: nusu hadi robo tatu ya kikombe, milo mitatu, na kitu kimoja katikati, kama ndizi au kiazi kitamu.
- Mwaka mmoja: robo tatu hadi kikombe kizima, milo mitatu hadi minne, na vya katikati kimoja au viwili.

Kunyonya kunaendelea wakati wote huo. Kabla ya mwaka mmoja, nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji bado inatoka kwenye maziwa ya mama.

## Hatua ya 6: Acha kusaga

Miezi minane, acha chujio. Ponda kwa uma, bakiza vibonge vidogo. Miezi tisa, mpe vipande laini vya kushika kwa vidole: karoti iliyoiva ikavunjika kwa ulimi, parachichi, kipande cha chapati laini. Mtoto aliyekaa na vya kusagwa mpaka mwaka hugoma kabisa akikutana na punje ya mchele.

Hapa mama wengi hurudi nyuma kwa hofu, kwa sababu mtoto amepaliwa na kukohoa. Tofautisha mambo mawili. Akikohoa, akitoa sauti, uso ukiwa mwekundu na ulimi nje, anajisaidia mwenyewe. Kaa karibu, usimtie kidole mdomoni. Akinyamaza ghafla, hawezi kulia, midomo inageuka samawati, huko ni kukabwa.

Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja aliyekabwa: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige makofi matano kati ya mabega kwa kiganja. Kisipotoka, mgeuze, bonyeza mara tano katikati ya kifua kwa vidole viwili. Rudia, huku mtu akitafuta gari la kwenda hospitali iliyo karibu. Jifunze leo ukiwa umetulia, na umfundishe anayebaki naye.

Njugu nzima, bisi, peremende, karoti mbichi na zabibu nzima zisimfikie.

## Hatua ya 7: Siku anapogoma

Kuna njia ya kizamani: mtoto analazwa, mikono inabanwa, pua inazibwa, uji unamiminwa. Usifanye hivyo, na usiruhusu afanyiwe. Anaweza kuvuta uji mapafuni, na kesho atalia akiona kijiko.

Mpe dakika 20 hadi 30, mzungumzishe, mwache ashike chakula. Akigeuza uso mara ya tatu, ondoa bakuli bila ugomvi. Kisha jiulize alikula nini saa moja kabla. Mara nyingi utakuta ni biskuti, au juisi ya pakiti aliyopewa na jirani mwema. Katuni za simu nazo humfanya ameze bila kujua anameza nini. Ukiizima, na mdomo unafungwa.

Akiwa mgonjwa atakula kidogo. Nyonyesha zaidi, mpe kidogo mara nyingi, na akipona mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili hivi.

## Hatua ya 8: Mkabidhi anayebaki naye

Mwongozo wote huu huporomoka saa moja asubuhi mlango unapofungwa. Dada ana nguo za kufua, na mama wa deikea ana watoto wengine tisa.

Usitoe maagizo ya mdomo. Pikeni pamoja Jumamosi moja, inamisheni kijiko pamoja. Weka bakuli lenye alama. Na jioni usiulize "Amekula?", maana jibu ni ndiyo siku zote. Uliza, "Amebakisha kiasi gani?"

Chakula kisicho kwenye friji kisizidi saa mbili. Kilichobaki kwenye bakuli lake kitupwe, mate yameshaingia. Cha friji kipashwe mpaka kitoe mvuke kote, kisha kipoe. Uji wa alfajiri unaongoja kwenye thermos mpaka saa tisa, vuguvugu, ni shamba la vijidudu. Afadhali umwachie ndizi na parachichi vya kumenya papo hapo.

## Visivyofaa kabla ya mwaka

Asali hata tone: inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu ambavyo tumbo changa halivimudu. Maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu. Ndani ya uji ni sawa. Chumvi na sukari, hata "kidogo tu". Ukipikia familia nzima, toa fungu lake kabla hujatia chumvi na royco.

## Mizani, na wakati wa kukimbia

Mpeleke kupimwa uzito kila mwezi, hata asipokuwa na chanjo. Kwenye mwezi wa sita apewe vitamini A, na kwenye wa tisa kuna chanjo ya surua na rubela, kwa hiyo uko njiani tayari. Tazama mstari kwenye kijitabu. Ukipanda sambamba na ile iliyochapishwa, hata akiwa mwembamba kuliko wa jirani, mwache. Ukilala mwezi mmoja, rudi hatua ya pili na kijiko mkononi. Ukilala miwili, au ukishuka, muone mtaalamu wa lishe.

Akihara, endelea kumnyonyesha na kumlisha, umpe ORS (unga wa pakiti unaochanganywa na maji ili kurudisha maji mwilini), na umpeleke kituoni apewe zinki. Lakini akiwa na damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, anatapika kila kitu, hataki kabisa kunyonya, ana degedege, amelegea haamki vizuri, au miguu yote miwili imevimba, usingoje siku ya kliniki wala asubuhi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, na kijitabu chake mkononi.